Kwa Nini Mkono Huchoka Kazini? Habari ya Asidi na Kalsiamu Mwilini



Katika mkutano wetu wa tawi mkata miwa mmoja alisimama akauliza: "Asubuhi panga langu ni jepesi. Ikifika saa tano limekuwa zito kama jiwe. Nyapara anasema ni uvivu. Je, ni uvivu?" Sisi tulimjibu kwamba si uvivu, lakini hatukuweza kumweleza sababu yake. Tumewauliza wenye ujuzi, na leo tunawapasha habari.

Kila msuli umefanyizwa kwa chembe ndefu nyembamba, na ndani ya chembe mna nyuzi. Mna pia vifuko vya kalsiamu, ile ile iliyomo katika mifupa yetu. Msuli ukipumzika, kalsiamu iliyo huru ndani ya chembe ni kidogo mno. Ile ya nje huizidi kama mara 10,000. Ubongo ukitoa amri, amri hupita katika neva mpaka mwisho wake. Hapo kalsiamu huingia ndani ya neva, na neva humwaga kitu kinachouamsha msuli. Vifuko hufunguka, kalsiamu hutoka na kushika nyuzi, nyuzi huvutana, na panga huinuka. Kisha pampu ndogo huirudisha kalsiamu vifukoni, na mkono hulegea. Yote haya hutendeka chini ya sekunde moja.

Kazi hii ya kalsiamu ilianza kujulikana mwaka 1883. Daktari Sydney Ringer wa London aliona kwamba moyo wa chura hauwezi kuendelea kupiga katika maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu.

Sasa tuje kwenye asidi. Msuli unaofanya kazi nzito huunguza sukari upesi kuliko damu inavyoweza kuleta oksijeni, na ndani ya chembe asidi huongezeka. Wataalamu hupima asidi kwa namba: namba ikishuka, asidi imezidi. Msuli uliopumzika huwa karibu na 7. Ukifanya kazi ngumu sana huweza kushuka mpaka 6.5, yaani asidi imekuwa kama mara tatu ya ile ya kwanza.

Asidi hiyo huleta shida mbili. Kwanza, hugombea nafasi na kalsiamu kwenye nyuzi, hivyo kalsiamu ile ile huleta nguvu kidogo. Pili, huzichelewesha pampu, na msuli hukawia kulegea. Ndani ya neva pia, asidi ikizidi, milango ya kalsiamu huwa mizito kufunguka.

Zamani wataalamu waliitupia asidi lawama zote. Leo wanajua kwamba haiko peke yake. Fosfati inayobaki msuli unapotumia nguvu yake nayo huzuia nyuzi na kalsiamu. Lakini mambo yote mawili hupona kwa njia moja: damu ipite, na msuli upate nafasi ya kupumzika.

Ndiyo maana kushikilia mzigo bila kuushusha huchosha upesi. Msuli uliokazwa muda wote hubana mishipa ya damu. Mchuma chai mwenye kikapu mgongoni, na fundi aliyeinua mikono juu ya mashine, wanalijua jambo hili vizuri.

Baada ya kazi nzito, asidi huchukua dakika kadhaa, pengine hata nusu saa, kurudi kiasi chake. Kula chokaa au vidonge vya kalsiamu hakuondoi uchovu huu. Maumivu ya kesho yake nayo ni jambo jingine: ni nyuzi zilizoumia. Na mkono ukifa ganzi au kuuma siku nyingi, usinyamaze, nenda kwa daktari.

Kwa hiyo, ndugu, tunapokaa mezani na mwajiri tudai mapumziko mafupi ya mara kwa mara, si moja tu la mchana. Tudai kupokezana kazi za kushikilia na kuinua. Mashine ikipata moto huzimwa ipoe, na hakuna anayeiita mvivu. Mkono wa mfanyakazi nao una haki hiyo.

Umoja ni nguvu.