Mtikisiko wa Ubongo Uwanjani
Katika viwanja vya Kibaha, kama kwingineko, wachezaji wagonganapo vichwa wakiwania mpira wa juu, humwagiwa maji wakarudi mchezoni. Maji hayo hayaufikii ubongo. Ubongo huelea katika ugiligili ndani ya fuvu, na kishindo huutikisa hata pasipo mtu kuzirai. Eksirei huonyesha mfupa tu. Asiyekumbuka kama ni kipindi cha kwanza au cha pili, au aonaye kizunguzungu, atolewe, wala asirudi siku hiyo. Pigo jingine, kabla ubongo haujapona, laweza kuuvimbisha na kumwua, hasa kijana. Akitapika mara kwa mara au akiwa haamshiki, apelekwe Hospitali ya Tumbi upesi. Tangu mwaka 2024 sheria za kandanda huruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kumbadilisha majeruhi wa namna hii.