Sheli ya amri kwa ghala la kokoa: tuijenge kwa Haskell

Ukitaja "sheli" pale Kyela mjini, mtu atakuelekeza kwenye pampu za mafuta. Sheli tunayoizungumzia leo ni nyingine: programu inayopokea amri kwa maandishi. Unaandika mstari, unabonyeza Enter, inajibu, halafu inasubiri mstari mwingine. Hakuna picha wala kipanya, ni mazungumzo tu. Kama umewahi kupiga *150*00# kutuma pesa, basi umeshaongea na ndugu yake wa karibu: menyu inakuja, unajibu kwa namba, menyu nyingine inakuja.

Kwa nini mtu ahangaike na kitu cha namna hii mwaka huu? Twende Kyela tuone.

Kilo ndiyo kila kitu

Sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania inatoka Kyela na jirani zake wa Rungwe na Busokelo. Mkulima anavundika mbegu, anazikausha (kwa mvua za Kyela hiyo peke yake ni vita), kisha anazipeleka ghala la AMCOS yake. Zinapimwa, anapewa stakabadhi. Bei bado haijulikani. Itajulikana siku ya mnada. Kwa hiyo siku hiyo anarudi nyumbani na kitu kimoja tu: idadi ya kilo iliyoandikwa. Ikiandikwa 4 badala ya 48, kazi ya miezi imeyeyuka kwenye karatasi.

Sasa chukua mfano wa kubuni: ghala dogo kati ya Ipinda na Matema, laptop ya zamani, mtandao wa kuvizia, umeme unaokatika. Foleni iko mlangoni na karani anaandika haraka. Hapo sheli ya amri inafaa sana. Ni nyepesi, haihitaji intaneti, na karani haachi kibodi hata mara moja. Tunataka iwe hivi:

```
ghala> pima 112 48.25
Mstari 1: mwanachama 112, kilo 48.25
ghala> pima 112 4o.5
Sijaelewa "4o.5". Andika uzito kwa tarakimu.
ghala> jumla 112
Mwanachama 112: kilo 48.25
```

Ona mstari wa pili. Karani ameandika herufi "o" badala ya sifuri. Programu haikukisia wala haikuzimika. Imesema na imeendelea.

Kitanzi cha hatua nne

Kila sheli duniani ina moyo uleule: soma, tekeleza, andika jibu, rudia. Mtindo huu ulikua pamoja na lugha ya Lisp, ambayo John McCarthy aliianza mwaka 1958, na Lisp ni bibi wa lugha zote za fanksheni. Sisi tutatumia mjukuu wake, Haskell, iliyotoka mwaka 1990.

Lugha ya fanksheni inakutaka ufikiri hivi: fanksheni ni kama mashine ya kusaga. Ukitia mahindi yaleyale, unga unaotoka ni uleule, leo na kesho, na mashine haibadilishi kitu kingine chochote pale kijijini. Fanksheni ya namna hiyo tunaiita safi. Lakini kusoma kibodi na kuandika kwenye skrini si mambo safi, maana jibu linategemea mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Ujanja wote wa kujenga sheli uko hapa: uchafu uwe kidogo, ukae mlangoni; ndani kote kuwe safi.

Tuanze na ndani.

```
newtype Namba = Namba Int
newtype Gramu = Gramu Int

data Amri = Pima Namba Gramu
          | Batilisha Int
          | Jumla Namba
          | Toka

soma  :: String -> Either String Amri
hatua :: Amri -> Daftari -> (Daftari, String)
```

Usiogope, soma taratibu. `Amri` inasema: ghala letu linajua amri nne tu, basi. Ukisahau kushughulikia mojawapo, kompaila inaweza kukuonya kabla programu haijafika kwa karani. `Namba` na `Gramu` zote ni namba kamili kwa ndani, lakini tumezipa aina tofauti makusudi, ili mwandishi wa programu asiweze kujumlisha namba ya uanachama na uzito wa kokoa. Akijaribu, kompaila inagoma. (Karani bado anaweza kuzigeuza anapoandika. Aina zinamlinda mwandishi wa programu; karani analindwa na jibu linalomrudishia alichoandika, na kikomo cha uzito mtakachokiweka.)

Kwa nini gramu na si kilo zenye desimali? Jaribu kuiuliza Haskell 0.1 + 0.2. Itakujibu 0.30000000000000004. Ndivyo kompyuta inavyotunza desimali za kawaida. Kwenye mambo ya pesa za watu, `soma` igeuze 48.25 kuwa gramu 48250 mapema kabisa, na hesabu zote zifanyike kwa namba kamili.

`soma` inarudisha ama ujumbe wa kosa ama amri iliyoeleweka. Hakuna njia ya tatu. `hatua` ndiyo akili ya ghala: inapokea amri na daftari la zamani, inatoa daftari jipya na jibu. La zamani halifutwi. Linaachwa kama lilivyokuwa.

Mlangoni

Uchafu wote sasa unakaa kwenye mistari hii:

```
zunguka :: Daftari -> IO ()
zunguka d = do
  putStr "ghala> "
  hFlush stdout
  mstari <- getLine
  case soma mstari of
    Left kosa  -> putStrLn kosa >> zunguka d
    Right Toka -> putStrLn "Kwaheri."
    Right amri -> do
      tunza mstari
      let (d', jibu) = hatua amri d
      putStrLn jibu
      zunguka d'
```

Hakuna kigeugeu kinachoitwa "daftari la sasa" kinachobadilishwa hapa na pale. Fanksheni inajiita yenyewe ikiwa na daftari jipya mkononi, kama mbio za kupokezana vijiti.

Ule mstari wa `hFlush` umewasumbua wanaoanza wengi. Haskell ikiandika kwenye skrini husubiri mstari ukamilike ndipo iutoe. "ghala> " haina mwisho wa mstari, kwa hiyo bila `hFlush` karani anaona skrini tupu na anadhani mashine imeganda. Cha kuchekesha, ukijaribu ndani ya GHCi tatizo halionekani, kwa sababu kule kusubiri kumezimwa. Linajitokeza siku unapopeleka programu ghalani.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo usafi unapolipa. `tunza` inaongeza mstari wa karani kwenye faili kabla ya kumjibu, na inailazimisha kompyuta iufikishe kwenye diski, si kuushikilia kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika na kurudi, programu inaanza na daftari tupu, inasoma faili, na kupitisha amri zote kwenye `hatua` moja baada ya nyingine. Kwa kuwa `hatua` ni safi, daftari litakalotoka ni lilelile lililokuwepo. Huhitaji ufundi wa ziada wa kuokoa data. Ni fanksheni ileile.

Ila kuna mtego. Tuseme umeme ulikatika katikati ya kuandika "pima 112 48.25", na kilichofika kwenye diski ni "pima 112 4". Huo ni mstari halali kabisa! `soma` itaukubali, na mkulima amepoteza kilo 44 bila mtu yeyote kukosea. Dawa ni rahisi: kila mstari kwenye faili uishie kwa alama, kwa mfano nukta-mkato. Mstari wa mwisho usiokuwa na alama hausomwi kama amri. Programu inamwambia karani apime upya. Mkulima bado yuko hapohapo, maana jibu lilikuwa halijatoka.

Na kosa la kawaida? Karani aseme `batilisha 1`. Mstari wa 1 haufutwi. Unaongezwa mstari mpya unaosema ule wa 1 hauhesabiwi, kama mhasibu anavyofanya kwenye leja. Mkulima akija kuuliza, historia yote ipo.

Sheli moja, milango mingi

Faida nyingine: `hatua` haijui kama inaongea na kibodi. Kesho chama kikitaka mkulima aulize `jumla` yake kwa simu ya kitochi kupitia USSD, utabadilisha mlango tu. Huko ujumbe mmoja haupiti herufi 182, kwa hiyo majibu yetu mafupi yanafaa vilevile. Wala si ajabu: Erlang, lugha nyingine ya fanksheni, ilizaliwa ndani ya Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu.

Jaribu mwenyewe

Sakinisha GHC, andika `soma` na `hatua`, uzijaribu ndani ya GHCi bila hata kuwa na `zunguka`. Ukimaliza, badilisha `getLine` kwa maktaba ya haskeline, ambayo GHCi yenyewe inaitumia: karani atapata mshale wa juu wa kurudia amri, na akibonyeza Ctrl-D programu itaaga vizuri badala ya kutupa kosa.

Kisha mpe rafiki akae kwenye kibodi, wewe umsomee uzito haraka haraka kama siku ya foleni, na katikati chomoa betri. Washa tena, andika `jumla 112`. Kama kilo ni zilezile, sheli yako iko tayari kwa ghala.