Kwa Njia Gani? Rekodi za Miamba na Baiskeli za Milimani

Watalii wengi huupanda Kilimanjaro kwa siku tano hadi nane, pole pole, mpagazi akitangulia na mzigo kichwani. Tarehe 13 Agosti 2014, Karl Egloff, mwanariadha mwenye asili ya Uswisi na Ekuado, aliondoka lango la Umbwe akafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa saa 4 na dakika 56. Hakukawia kileleni. Aligeuka akashuka kwa njia ya Mweka, na saa yake iliposimamishwa langoni ilisoma saa 6, dakika 42 na sekunde 24, kupanda na kushuka. Kule juu mapafu hupata takribani nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Tanga au Mombasa huipata akiwa ameketi barazani.

Kabla yake walikuwapo wengine. Mwaka 2001 Mwitaliano Bruno Brunod alipanda kutoka lango la Marangu kwa saa 5 na dakika 38. Mwaka 2010 Kilian Jornet wa Hispania akafika juu kwa saa 5 na dakika 23, akawa amerudi chini baada ya saa 7 na dakika 14. Kwa upande wa wanawake, Anne-Marie Flammersfeld wa Ujerumani alipanda na kushuka mwaka 2015 kwa muda usiotimia saa 13, na mwaka 2018 Kristina Schou Madsen wa Denmark akatoka lango la Mweka hadi kileleni kwa saa 6 na dakika 52.

Katika orodha hiyo yote, jina ninalolirudia mara nyingi zaidi ni la mtu ambaye kwa saa peke yake angeonekana wa nyuma. Simon Mtuy, Mtanzania aliyekulia kwenye miteremko ya mlima huohuo, alipanda na kushuka tarehe 22 Februari 2006 kwa saa 9 na dakika 21. Alifanya hivyo bila msaada: maji yake, chakula chake na nguo zake za baridi alizibeba mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Atakayeyatazama majedwali haraka ataona saa 9 dhidi ya saa 6 na kufunga hesabu. Lakini anayekimbia huku akipokewa maji na koti njiani anafanya kazi moja, na anayebeba kila kitu anafanya nyingine. Kwa mtu anayepambana na hewa nyembamba, kila kilo mgongoni inadai pumzi ambayo hana. Kwa hiyo swali langu la kwanza juu ya rekodi yoyote ya milimani ni hili: kwa njia gani? Muda nauuliza baadaye.

Swali hilo linaifaa hata rekodi ya kwanza kabisa ya mlima huu. Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Kilimanjaro, wakiwa wa kwanza wanaojulikana kwa maandishi. Vitabu vingi huishia hapo. Lakini mzigo haukujipandisha wenyewe. Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu, ndiye anayekumbukwa kwa kuwaonyesha njia. Naye Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao kwenye kambi ya juu, kwenye tambarare kavu kati ya Kibo na Mawenzi, mahali ambapo maji huganda usiku. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la minazi, akishinda peke yake kwenye baridi hiyo wakati wenzake wawili wako barafuni: sijui kama kuna rekodi ya uvumilivu iliyoandikwa kwa wino hafifu kuliko hiyo. Lauwo alifariki mwaka 1996, na wapo wanaosema alikuwa amepita miaka 120. Umri huo hauna hati ya kuuthibitisha, nami siuingizi kwenye hesabu. Heshima yake inajitosheleza bila huo.

Magurudumu yalifika Kibo karibu karne moja baadaye. Mwishoni mwa mwaka 1984 binamu wawili Waingereza, Nick na Richard Crane, walizisukuma, wakazibeba na palipowezekana wakaziendesha baiskeli zao hadi Uhuru, kisha mwaka 1985 wakaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Baiskeli za milimani za wakati huo hazikuwa na shokapu, na breki zake zilikuwa za kubana rimu kwa vipande vya mpira. Mwaka 2016 Hans Rey, Danny MacAskill na Gerhard Czerner wakaja na baiskeli za kizazi kipya, wakaupanda kwanza Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, halafu Kilimanjaro, yote katika safari moja. MacAskill ni Mskoti mwenye ufundi wa kuruka na baiskeli pasipopitika hata kwa miguu. Hata hivyo kwenye changarawe ya Kibo ufundi haukumwondolea kazi ya kubeba. Sehemu kubwa ya kupanda, baiskeli ilikuwa begani, na starehe yote ilisubiri mteremko.

Kwa miamba mitupu, mlima wa kwanza Afrika Mashariki ni Mlima Kenya. Batian, mita 5,199, haikubali mtu asiyejua kamba. Halford Mackinder aliifikia tarehe 13 Septemba 1899 akiwa na waongozaji wawili wa Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel, na ikapita karibu miaka 30 kabla ya mwingine yeyote kuirudia. Mwaka 1929 Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipanda kwanza Nelion, mita 5,188, kilele ambacho hakikuwa kimefikiwa, ndipo wakavuka kwenda Batian. Tofauti ya vilele hivyo ni mita 11 tu kwa urefu, lakini katikati yake kuna pengo la barafu liitwalo Lango la Ukungu, na wengi wamelitazama kutoka Nelion wakaona inatosha.

Kuna rekodi moja ya Nelion ambayo haina mshindani. Mwaka 1970 Ian Howell, mpanda miamba aliyeishi Kenya, alijenga kibanda cha mabati juu ya kilele hicho. Vipande viliangushwa kwa ndege kwenye barafu iliyo chini ya ukuta, naye akavipandisha kimoja kimoja, safari baada ya safari, peke yake, kwenye ukuta ambao wengi huupanda mara moja maishani wakiwa wamefungana kamba na mwenzao. Kibanda ni kidogo, watu hutambaa kuingia. Kimeokoa wengi waliokutwa na usiku juu.

Na kwenye barafu ya mlima huo limo jina la Mkenya Thumbi Mathenge. Mwaka 1973 yeye na Phil Snyder walikuwa watu wa kwanza kuupanda mfereji wa barafu uitwao Diamond Couloir, mstari mweupe ulionyooka kati ya Batian na Nelion, uliokuwa ukihesabiwa miongoni mwa njia nzuri za barafu duniani. Yvon Chouinard, Mmarekani aliyeunda shoka za barafu zilizobadilisha mchezo wote, alikuja mwaka 1975 na Mike Covington kupita moja kwa moja ukuta wa juu wa mfereji huo. Mkenya alikuwa ametangulia kwa miaka miwili. Wanafunzi wa Nanyuki na Nyeri wangefundishwa hilo darasani, wangeutazama mlima wao kwa jicho jingine.

Ughaibuni, rekodi iliyonishughulisha kuliko zote ni ya California. El Capitan ni jabali la matale lenye kimo cha karibu mita 900, wima. Kundi la Warren Harding lilipolipanda mara ya kwanza kwa njia ya Nose, lilitumia siku 45 hivi zilizotawanyika kwa miezi 18, hadi Novemba 1958. Tarehe 6 Juni 2018 Alex Honnold na Tommy Caldwell waliipanda njia hiyohiyo kwa saa 1, dakika 58 na sekunde 7. Katikati yao yuko Lynn Hill, ambaye mwaka 1993 alikuwa mtu wa kwanza kuipanda Nose kwa vidole na miguu tu, kamba ikiwa ya kumdaka akianguka na si ya kumvuta, na mwaka uliofuata akarudia kwa siku moja. Wanaume hodari walikuwa wamejaribu na kushindwa. Nikipewa kuchagua kati ya saa ya Honnold na siku ya Hill, nachagua ya Hill, maana yeye alifungua mlango ambao wengine hawakuamini kuwa upo.

Honnold naye ana la kwake. Tarehe 3 Juni 2017 alipanda El Capitan kwa njia ya Freerider kwa saa 3 na dakika 56 bila kamba kabisa: viatu, mfuko wa chaki na mikono. Alikuwa ameifanyia mazoezi njia hiyo kwa kamba muda mrefu, akajua kila ufa na kila mahali pa kuweka ncha ya kidole. Kazi hiyo ya kukariri ndiyo iliyomfikisha juu, na kijana atakayeiga matokeo bila kuiga maandalizi atakufa.

Kwa ugumu mtupu, kipimo cha juu kabisa kwa sasa ni daraja la 9c. Wa kwanza kulifikia ni Adam Ondra wa Jamhuri ya Cheki, tarehe 3 Septemba 2017, katika pango la Flatanger nchini Norwei, kwenye njia aliyoiita Silence. Mahali pagumu zaidi mpandaji huning'inia kichwa chini, miguu ikitangulia, na Ondra alilazimika kuimarisha hata misuli ya mashavu ya miguu ili aweze kupumzika akiwa amejibana kwa goti kwenye mwamba. Kwa wanawake, Angela Eiter wa Austria alifika 9b mwaka 2017, na mwaka 2025 Mmarekani Brooke Raboutou akapandisha hadi 9b+.

Kinyume chake ni ukuta wa mashindano ya kasi: mita 15, vishikio vilevile kila mahali duniani. Hapo swali la njia limejibiwa mapema, wote wanapita njia moja. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Mmarekani Sam Watson aliupanda kwa sekunde 4.74, rekodi ya dunia, akaondoka na shaba, kwa kuwa sekunde hizo alizipata akigombea nafasi ya tatu. Dhahabu ilikwenda kwa Veddriq Leonardo wa Indonesia, sekunde 4.75. Mwaka 2025 Watson akaishusha hadi 4.64.

Kwenye baiskeli, mbio za mteremko zina mzee wao. Greg Minnaar wa Afrika Kusini ametwaa ubingwa wa dunia mara nne: 2003, 2012, 2013 na 2021. Ule wa mwisho, Val di Sole nchini Italia, aliupata akiwa na miaka 39, umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wameshatundika helmeti. Lakini mimi naushikilia wa 2013. Mashindano yalikuwa Pietermaritzburg, mjini kwao, na tairi lake la nyuma likaishiwa upepo kabla ya kumaliza. Akaendelea kukanyaga kwenye rimu, akashinda kwa chini ya nusu sekunde. Katika mbio za mzunguko wa porini hakuna wa kumkaribia Nino Schurter wa Uswisi, mwenye mataji 10 ya dunia na medali tatu za Olimpiki za rangi tatu: shaba 2008, fedha 2012, dhahabu 2016. Na mwaka 2016 Mwingereza Rachel Atherton alishinda raundi zote saba za Kombe la Dunia la mteremko pamoja na ubingwa wa dunia. Msimu mzima, hakuna mwanamke aliyemtangulia.

Kwenye baiskeli ya milimani, mwenye kasi kubwa kuliko wote ni Éric Barone wa Ufaransa. Mwaka 2017, akiwa na miaka 56, alishuka kwenye theluji ya Vars, nchini kwao, kwa kilomita 227.72 kwa saa, kasi ambayo gari nyingi za barabara zetu haziwezi kuifikia. Rekodi yake ya changarawe, kilomita 172 kwa saa kwenye volkano ya Cerro Negro nchini Nikaragua mwaka 2002, iliishia kwa baiskeli kukatika vipande chini yake. Aliumia sana, akapona, akarudi.

Baadhi ya rekodi hizi hazitavunjwa kwa sababu mahali penyewe pameondoka. Sehemu ya chini ya Diamond Couloir siku hizi aghalabu haina barafu ya kupandika. Kule Kibo, ukuta wa Breach ambao Reinhold Messner na Konrad Renzler waliupanda mwaka 1978 kwa kupitia mnara wa barafu unaoning'inia hewani, barafu yake imepungua vilevile, kama ilivyopungua kote mlimani: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 haipo. Hatua za Mathenge na Snyder za 1973 haziwezi kufuatwa tena kama zilivyokuwa.

Anayetaka kuanza mwenyewe, apande matatu kwenda Naivasha. Hell's Gate ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama, na baiskeli za kukodi zipo langoni. Muda mfupi baada ya kuingia kwa lango la Elsa unasimama mnara wa mwamba wenye kimo cha mita 25 uitwao Fischer's Tower, ambao Wamasai husimulia kuwa ni binti aliyegeuzwa jiwe kwa kutazama nyuma. Waongozaji wenye kamba na helmeti huwapandisha hapo watu ambao hawajawahi kugusa mwamba maishani. Jaribu breki kabla ya kulipa, na uwahi asubuhi, maana mchana jiwe lile linaunguza mikono.