Cedar Rapids: Walipoukomboa Msikiti Mama

Wengi wetu tunapojaaliwa kwenda Marekani kuwatembelea watoto au ndugu, hurudi na picha zinazofanana: maghorofa ya New York, daraja la San Francisco, maduka makubwa. Hatuna ugomvi na picha hizo. Lakini kwa familia ya Kiislamu itakayofika Chicago na kubakiwa na siku mbili za ziada, tunapendekeza safari nyingine. Ni mwendo wa gari wa saa nne hivi kuelekea magharibi, kuyapita mashamba ya mahindi na soya yasiyo na mwisho, hadi katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa.

Mji huu si mkubwa wala si mdogo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 137,710, nao ni wa pili kwa ukubwa katika jimbo hilo baada ya Des Moines. Mto Cedar unaupasua katikati. Kando ya mto kimesimama kiwanda cha Quaker Oats, jina ambalo kina mama wengi wanalijua kutokana na mikebe ya uji madukani, na kuna siku ambazo harufu ya nafaka inayookwa hutanda hadi mitaani. Wenyeji wanauita Mji wa Majira Matano. Manne ni yale ya kawaida, na la tano, wasemavyo, ni wasaa wa kuyafurahia hayo manne.

Kilichotufanya tuushike kalamu kwa ajili ya mji huu, hata hivyo, ni jengo dogo la mbao lililomo katika mtaa wa makazi ya kawaida. Mtu akipita upesi angelidhania kuwa ni shule ya zamani, isipokuwa kwa kuba lake. Huo ndio Msikiti Mama wa Amerika. Ulijengwa mwaka 1934, wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umeporomoka, na walioujenga walikuwa wahamiaji kutoka Syria na Lebanoni pamoja na watoto wao. Baadhi yao walianza maisha kwa uchuuzi, wakibeba bidhaa kutoka shamba hadi shamba, kisha wakafungua maduka ya vyakula. Hawakuwa matajiri. Lakini walitambua kuwa mtoto asiye na mahali pa kusujudu hukua bila kujua anakotoka.

Kabla ya hapo, mwaka 1929, Waislamu wa kijiji cha Ross, jimbo la North Dakota, walikwisha kujenga msikiti wao. Msikiti ule ulibomolewa katika miaka ya 1970, vijana walipokuwa wamehama na wazee wamefariki. Ndiyo maana leo huu wa Cedar Rapids ndio unaohesabiwa kuwa mkongwe kuliko yote iliyosimama Marekani miongoni mwa ile iliyojengwa tangu mwanzo kwa nia ya kuwa msikiti.

Katika jumuiya hii ndogo alilelewa Abdullah Igram, aliyepigana katika jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kila askari alivaa shingoni kibati chenye herufi ya dini yake, ili akifa azikwe inavyostahiki. Mprotestanti alikuwa na herufi yake, Mkatoliki yake, na Myahudi yake. Mwislamu hakuwa nayo. Baada ya vita Igram alimwandikia Rais Eisenhower kuomba haki hiyo. Na mwaka 1952 Waislamu kutoka pande mbalimbali za Marekani na Kanada walikutana Cedar Rapids, yeye akiwa mbele yao, katika mkutano uliozaa shirikisho lao la kwanza la nchi hizo mbili.

Hapa ndipo penye mazingatio. Jumuiya ilipokua, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilijenga kituo kikubwa cha Kiislamu, na msikiti wa zamani ukauzwa. Ulipita mikononi mwa watu kadhaa, na kwa muda ukatumika hata kuwa kanisa. Mwaka 1990 Waislamu wa Iowa waliununua tena, wakautengeneza, wakaurudishia hadhi yake. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliuingiza katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria.

Mtihani haukuishia hapo. Juni 2008 Mto Cedar ulifurika kupita kiasi kilichowahi kuandikwa, ukafunika maelfu ya nyumba. Maji yaliingia katika chumba cha chini cha msikiti na kuharibu vitabu na kumbukumbu za miongo mingi. Jengo lilikarabatiwa. Karatasi hazikurudi.

Familia itakayofika itapata mengine ya kutazama. Karibu na mto, katika kitongoji cha wahamiaji wa Kicheki, ipo Makumbusho ya Taifa ya Wacheki na Waslovaki. Nayo iligharikishwa mwaka 2008, na jengo lake zima likahamishwa hadi sehemu iliyoinuka kabla ya kufunguliwa upya mwaka 2012. Mikate yao midogo yenye matunda inapendeza, ila ulizeni kwanza kama haikutiwa mafuta ya nguruwe. Mnaweza pia kuiona karakana ya Grant Wood, juu ya banda la zamani la magari ya farasi. Humo ndimo alimochora, mwaka 1930, ile picha mashuhuri ya mzee mwenye uma wa shambani akiwa na mwanamke pembeni yake. Mwanamke alikuwa dada wa mchoraji, na mzee alikuwa daktari wake wa meno.

Wasafiri wazingatie nyakati za swala. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu kasorobo usiku, na Isha huchelewa sana kwa watoto. Desemba huzama mapema, yapata saa kumi na nusu alasiri, na baridi huwa kali. Na msishangae kusikia Kiswahili sokoni, kwani ndugu kutoka Kongo na Burundi wamefanya makazi huko.

Kwetu sisi, ziara hii ina swali la kurudi nalo nyumbani. Watu wale waliuza msikiti wa wazee wao kwa sababu ulikuwa mdogo, wakaishi karibu miaka ishirini kabla ya kuukomboa. Je, msikiti mkongwe wa mtaa wetu tunaotaka kuubomoa ili tupate ghorofa, nani ameandika majina ya walioujenga? Hati ya wakfu iko wapi, kwenye kabati kavu au chini ya sakafu? Jengo laweza kununuliwa tena, Inshaallah. Kumbukumbu iliyolowa haina soko. Tuwaulize wazee wetu wiki hii, na tuandike.