Mzigo wa Mama Mwenye Malewa

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjini Goma methali hiyo huonekana kwa macho kila siku. Huko Birere, na katika soko la Virunga, na Kituku ufukoni mwa ziwa Kivu, akina mama huinjika vyungu mapema, ili mchukuzi, mvuvi na msafiri wapate ugali, sombe na sambaza. Vibanda hivyo vya chakula twaviita malewa. Kwa faida yake ndogo hulipwa karo ya watoto, dawa na kodi ya nyumba.

Biashara hiyo imestahimili mengi. Mwezi wa Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, ukateketeza maduka mengi. Watu wakarudi, wakajenga juu ya mawe meusi. Mwisho wa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji, mabenki yakafunga milango, fedha ikaadimika. Hata hivyo mafiga hayakuzimika.

Lakini uko mzigo mwingine, usiotoka mlimani wala vitani: ni wingi wa mikono inayodai. Leo huja mtu wa patenti, kesho mtu wa afya, kesho kutwa mtu wa mazingira au wa utalii. Mmoja ana karatasi, mwingine hana. Mama hufunga kibanda ili amfuate mkubwa ofisini, na siku hiyo chungu hakipikwi. Mwenye vyumba viwili vya wageni naye hupigiwa hodi na wadai wale wale.

Hatusemi kodi ifutwe. Bwana wetu alifundisha kwamba Kaisari apewe kilicho chake. Tena ukaguzi wa usafi huokoa roho za watu penye kipindupindu. Twasema kodi iwe moja, ijulikane mapema, na ilingane na nguvu za mlipaji. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji, hakuwaambia waache kazi. Aliwaagiza wasitoze kuzidi walivyopangiwa. Papa Leo XIII naye, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanya kazi, aliwaonya watawala wasiimalize mali ya watu kwa kodi zilizopita kiasi.

Kwa kweli sheria imekwisha kufungua mlango. Mwaka 2012 Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika wenye sheria moja za biashara. Sheria hizo humruhusu mfanya biashara mdogo kutangaza kazi yake kwa karani wa mahakama bila malipo, na kupewa namba yake. Aidha, kwa Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 mwanamke aliyeolewa hakuweza kujifunga kwa mapatano ya kisheria bila idhini ya mumewe. Mwaka 2016 sharti hilo liliondolewa. Lakini mlango usiojulikana una faida gani?

Basi, wasomaji wapenzi, yatupasa mambo matatu. Kwanza, kila mama awe na daftari, aandike alichouza na alicholipa, wala asitoe fedha pasipo stakabadhi. Pili, katika shirika zetu wale wanaojua kusoma Kifaransa wawasomee wengine sheria, na wenye malewa waende pamoja kwa wakubwa kuomba mahali pamoja pa kulipia. Mmoja husukumwa nje kwa urahisi, ishirini husikilizwa.

Tatu, ninyi wanafunzi. Kesho baadhi yenu mtakuwa makarani na watoza kodi. Siku mtakaposimama mbele ya kibanda na kalamu mkononi, kumbukeni ya kuwa karo iliyowapa kalamu hiyo huenda ilitoka katika chungu kama kile.