Kiziwi si Bubu

Katika vijiji vyetu mtoto asiyesikia huitwa bubu, na mara nyingi jina alilopewa na wazee wake husahauliwa. Tumfikirie mtoto kama huyo katika Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba. Wenzake huamka wakaenda chuoni na skuli. Yeye hubaki nyumbani, akachota maji, akaanika karafuu, akafuatana na wakubwa pwani. Kazi aijua kwa kutazama. Lakini kwa nini babu yake hakuonekana tena tangu siku ile watu walipojaa uani, hapana aliyemweleza, kwa kuwa hapana aliye na lugha ya kumwelezea.

Sisi twasema kwamba mtoto huyu si bubu. Macho anayo, mikono anayo na akili anayo. Alichokosa ni mtu wa kumfundisha lugha ipitayo machoni. Na ili ionekane kwamba hatusemi ndoto, twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja, kiziwi mwenyewe, aliyeifanya kazi hiyo katika Afrika kwa miaka 30.

Andrew Foster alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Alabama, Marekani, baba yake akiwa mchimba makaa ya mawe. Alipokuwa na umri wa miaka 11, yeye na ndugu yake walishikwa na homa ya uti wa mgongo, wakapona, lakini masikio yao hayakusikia tena. Ikawa sasa ana vizuizi viwili: uziwi, na rangi yake nyeusi katika nchi iliyowatenga watu weusi. Skuli ya viziwi weusi ya Alabama haikumfikisha mbali. Akafanya kazi mchana, akasoma kwa posta usiku, na baada ya kukataliwa zaidi ya mara moja, Chuo cha Gallaudet huko Washington kilimpokea. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo hicho cha viziwi, kilichokuwa kimekwisha fanya kazi kwa miaka 90.

Mtu mwingine angalipumzika hapo. Bwana Foster alifika Ghana mwaka 1957, mwaka ule ule nchi hiyo ilipopata uhuru. Imesimuliwa kwamba wageni waliomtangulia walimwambia kuwa watoto viziwi hawapo katika Afrika. Walikuwapo, lakini walikuwa majumbani, wamefichwa kwa haya au kwa kukata tamaa. Aliwatafuta, akaanza kuwafundisha Accra katika vyumba alivyoazimwa, wanafunzi wengine wakishaondoka. Kutoka hapo akaenda Nigeria na nchi nyingine, mpaka skuli alizozianzisha zikazidi 30 katika nchi 13. Tarehe 3 Desemba, 1987, ndege aliyopanda ilianguka katika Rwanda, naye akafa humo.

Bwana Foster alikuwa mmishenari wa Kikristo, na skuli zake zilifuata dini yake. Lakini mikono haina dini. Kwa mikono hiyo hiyo mtoto wa Wingwi aweza kufundishwa Fatiha, hesabu na habari za nchi yake.

Ukubwa wa kazi yake haujulikani mpaka ikumbukwe hali ya nyakati zile. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana katika mji wa Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakaamua kwamba kiziwi afundishwe kwa kusoma midomo na kulazimishwa kutamka, na ishara ziachwe. Uamuzi huo ulitawala skuli nyingi za ulimwengu kwa karibu miaka 100, na watoto wengi walipigwa mikono kwa kosa la kusema. Mwaka 2010 tu, huko Vancouver, ndipo mkutano wa walimu kama hao ulipotangaza majuto.

Hata hivyo hatupendi kumsifu mtu kupita kiasi. Ishara alizozileta Bwana Foster zilikuwa za Marekani, na wako wanaosema kwamba ziliwafunika viziwi waliokuwa na ishara zao wenyewe. Sisi twaona hoja hiyo ni ya haki. Lugha ya alama si moja duniani, kama vile lugha ya kinywa isivyo moja. Viziwi wa Tanzania wana yao. Kwa hiyo tumfuate Bwana Foster katika jambo lililo kubwa zaidi: kwamba kiziwi aliyesoma ndiye aliyekwenda kumsomesha kiziwi asiyesoma.

Nchi yetu haikukaa bure. Skuli ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Viziwi wenyewe wakaunda chama chao, CHAVITA, katika mwaka 1983. Mwaka 2009 Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao wataka serikali ziajiri walimu waijuao lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe.

Lakini mkataba haupandi dau ukavuka mpaka Pemba. Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lugha hushika katika miaka ya kwanza ya mtoto, na kila mwaka upitao bila lugha ni vigumu kuulipa baadaye. Mtoto akingojea mpaka awe mkubwa ndipo apelekwe mbali, amekwisha pata hasara.

Twatoa shauri, basi, kwamba vijana viziwi wa Pemba wafunzwe ualimu, warudi katika skuli za Micheweni, na wawafundishe watoto pamoja na mama zao, maana lugha isiyosemwa nyumbani haikui. Siku hiyo mtoto wa Wingwi ataweza kumwuliza mama yake, babu amekwenda wapi, na mama ataweza kumjibu.