Kijerumani Ni ya Mdomo, Si ya Kidole

Panda mathree yoyote ya Kayole ama Umoja asubuhi, ucheki simu za mayut. Kitambo ilikuwa mechi na bet pekee. Sai utapata pia dem amefungua yule bundi wa kijani, anapanga sentensi za Kijerumani huku konda akiitisha doh. Sababu si siri. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa mboka huko Berlin, Rais Ruto na Scholz, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, wakiwa hapo. Tangu hiyo siku kila base iko na msee anasaka A1, levo ya kwanza ya lugha, na kila grupu ya WhatsApp iko na ajenti anaahidi viza.

Wacha nianze na huo mkataba, juu wasee wengi wanasoma wakiwa na picha si ya kweli. Ile namba ya kazi 250,000 yenye ilizunguka mtandaoni haiko kwa mkataba. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilitoka ikaikana. Kenye kiko ni njia ya halali kwa mtu ako na masomo, makaratasi na lugha. Na lugha ndio inakwamisha wengi. Ukitaka kwenda kukaa na familia na kuangalia watoto, unaitishwa A1. Ukitaka Ausbildung, yaani kusomea kazi huku unalipwa, mara nyingi ni B1, na kwa upande wa unesi ni kawaida kuitishwa hata zaidi. Nesi amemaliza chuo hapa Kenya na anataka leseni ya kule, kawaida yake ni B2. Hizo levo A1 mpaka C2 zilitolewa na Baraza la Ulaya mwaka wa 2001, na hakuna mahali ndani yake pameandikwa ati ukimaliza apu umepita.

Msimamo wangu ni huu: apu ni poa, nazitumia, na sitaambia mtu afute. Lakini hakuna apu itakufanya ubonge. Na mtoi wa Nairobi hafai kusumbuka kuelewa hii, juu ameona na macho yake venye lugha huingia mtu.

Cheki msee ametoka ocha, Bungoma ama Kitui, na lugha ya mathake, Kiswahili ya shule na Kizungu ya shule. Anaingia Dandora. Wiki ya kwanza anakaa base akiskiza tu, hashiki hata nusu. Wiki ya pili anarusha neno moja, analirusha vibaya, wasee wanacheka, mmoja anamwambia venye inasemwa. Kesho yake analirusha tena, sasa imekaa. Hakuna aliyempa kitabu. Hakuna aliyemwambia angoje mpaka ajue grama yote ndio afungue mdomo. Kabla mwaka uishe ashakuwa konda, anabishana na dere, anatongoza, anaomba msamaha, na yote anafanya na Sheng. Akihamia Kawangware anapata maneno mengine yamegeuka, na bado hashtuki, juu ashajua jinsi ya kuuliza na kujisahihisha. Ghetto Radio ilianza kurusha Sheng hewani, katuni ya Shujaaz ikaanza kuichora na kuiandika 2010, na zote zilikuta wasee wanabonga tayari. Hii lugha ilijengwa Eastlands na watoi wenye wazazi wao walitoka kila pande ya nchi, na kila mtu aliingia kwa mlango wa kubonga na watu.

Huo ndio ujuzi tunauacha nje tukiingia kwa Kijerumani. Tunakaa kejani peke yetu, masikio yamezibwa na earphone, kidole kinagonga skrini, mdomo umefunga.

Duolingo, yule bundi wa kijani, napea heshima yake. Luis von Ahn, mtu wa Guatemala, na mwenzake Severin Hacker wa Uswisi waliianzisha huko Pittsburgh, Marekani, na 2012 ikafunguliwa kwa kila mtu bure. Hilo neno bure ni kubwa sana kwa mtaa. Kuna msee hawezi lipa kozi mwezi huu, lakini leo anaweza jifunza kusema jina lake, umri wake na kule anatoka. Pia wamejua kumrudisha mtu kila siku. Kale kamoto kanahesabu siku zako mfululizo kamefanya watu wenye hawajawahi maliza daftari wakaguse Kijerumani kila asubuhi.

Shida ni kenye kidole kinafanya hapo. Apu inakuwekea maneno mezani, wewe unachagua. Kutambua neno ukiliona ni kazi moja, kulitoa kichwani ukiwa umesimama mbele ya mtu ni kazi ingine kabisa, na hiyo ya pili ndiyo unalipwa nayo. Kwa wodi ya wagonjwa Leipzig hakuna mtu atakuwekea maneno sita uchague matatu. Kisha kuna hizo pointi na ligi. Nimeona wasee wakirudia somo rahisi usiku karibu saa sita ndio kamoto kasizime. Hiyo ni kulinda gemu. Kwangu Duolingo ni ya stage, ukingoja mat ijae. Ukishuka, funga.

Kenye nashikilia na mikono mbili ni kadi. Hii mbinu iko na historia tamu, na imetoka kwa Wajerumani wenyewe. Mwaka wa 1885 Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu kuhusu kumbukumbu baada ya kujipima mwenyewe kwa muda mrefu, akikariri silabi hazina maana na kuhesabu anasahau kwa kasi gani. Alipata unasahau haraka sana mwanzo, kisha kasi inapungua, na kila ukirudia kwa nafasi nzuri unashika kwa muda mrefu zaidi. 1972 mwandishi Sebastian Leitner akaigeuza kuwa boksi la kadi. 2006 ikaja Anki, programu yenye inafanya hiyo hesabu kwa niaba yako. Kwa Android ni ya bure, kwa iPhone unalipa.

Na kama simu yako imeibiwa ama storeji imejaa, boksi la Leitner halihitaji chaji. Nunua manila, ikate vipande, chukua boksi la viatu uligawe vyumba vitano. Kadi mpya zinaanza chumba cha kwanza, chenye unapitia kila siku. Ukipata kadi, inasogea mbele, chumba chenye unafungua mara chache. Ukikosa, inarudi mwanzo, hata kama ilikuwa imefika cha tano. Ndani ya wiki chache utaona maneno yenye yanakusumbua yamejikusanya chumba cha kwanza, na hapo ndipo unaweka nguvu.

Lakini kadi iandikwe vizuri. Usiandike neno peke yake. Andika sentensi nzima ya maisha yako: unaamka saa ngapi, unalipa keja pesa ngapi, mathako anauza nini. Kila nomino iweke na der, die ama das yake, na wingi wake, tangu siku ya kwanza. Hapa ndio Wakenya wengi huchomeka, na inaniuma juu tuko na msingi tayari. Mtu wa Kiswahili anajua nomino hubeba maneno mengine nyuma yake: kitabu changu kizuri kimepotea. Mjerumani naye ako na makundi matatu, na vivumishi vinabadilika kufuata kundi na kazi ya nomino kwa sentensi. Nairobi tumezoea kusema kitabu yangu imepotea na hakuna mtu anashtuka. Kwa mtihani wa Kijerumani hiyo mazoea inakula marks. Kama uliskiza mwalimu wa Kiswahili darasani, rudi kwa hayo mambo ya ngeli, kichwa chako kinajua hiyo njia.

Masikio nayo yana dawa ya bei ya chini. Deutsche Welle wako na Nicos Weg, filamu ya masomo kuhusu kijana Mhispania anafika Ujerumani na kupoteza begi lake. Iko bure, kutoka A1 mpaka B1, na mazoezi yake. Pia wako na taarifa za habari zenye zinasomwa polepole, unadownload mahali kuna WiFi unaskiza ukitembea. Easy German wa YouTube wanasimamisha watu barabarani na kuwauliza maswali, maandishi yakipita chini, na huko ndiko utaskia Wajerumani wakimeza maneno na kukatizana. Usiskize kimya. Rudia kwa sauti nyuma yao hapo hapo, hata jirani akidhani unaomba. Hiyo ü na ö zinahitaji midomo, na midomo haizoei kwa kuangalia.

Kuna mabishano ya wasomi hapa, na nitachagua upande. Stephen Krashen wa California alisema lugha inaingia kwa kuskia na kusoma vitu unavyoelewa, na kubonga kutakuja kwenyewe. Merrill Swain wa Canada aliangalia watoi waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi. Walikuwa wanaelewa vizuri, lakini kubonga na kuandika kwao kulibaki nyuma. 1985 akasema mtu lazima asukumwe kutoa lugha mwenyewe, juu ni hapo anagundua kenye hana. Krashen ako sawa kwa wiki za kwanza, ukiwa bado unaskiza tu base. Baada ya hapo mimi niko na Swain, na base yoyote ya Eastlands ni ushahidi wake.

Mtihani wenyewe unasema hivyo. B1 ya Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha, iko na sehemu nne: kusoma, kuskia, kuandika na kubonga, na kila moja unahitaji 60 kwa 100. Ukianguka moja unarudia hiyo moja. Kwa kubonga unawekwa na mtahiniwa mwenzako, kama dakika 15 hivi. Mnapanga kitu pamoja, labda kumtembelea rafiki hospitalini. Kisha unaeleza mada yako, mwenzako anakuuliza, na wewe unamuuliza juu ya yake. Unaona? Hata Wajerumani wenyewe wanapima kama unaweza kaa base.

Kwa hivyo unda base. Wasee wanne ama watano, siku moja kwa wiki, mahali pasipo na malipo: Jeevanjee, maktaba ya Kaloleni, ya Makadara, ama kejani kwa mmoja. Nusu saa ya kwanza hakuna Kizungu, hakuna Sheng. Mgawane mada za mtihani, wawili wapange safari, wengine waskize na waandike makosa. Msimkatize mtu katikati, mwambieni akimaliza. Siku zingine zote tumianeni sauti kwa WhatsApp, dakika moja ya kila mtu, juu ya siku yake ilivyokuwa. Inakula data kidogo, na unapata nafasi ya kujiskiza. ChatGPT inaweza kukurekebishia barua ya mtihani na kukueleza kosa liko wapi, itumie hapo. Apu za kuchati na wageni kama Tandem na HelloTalk ziko sawa pia, lakini msee akianza mapenzi ama stori za pesa, hepa.

Kitu kingine mabroka hawawaambii: Kijerumani cha cheti si chenye utapata mtaani kule. Babu mgonjwa wa Bavaria anabonga Bairisch, wa Stuttgart anabonga Schwäbisch, na B2 yako itayumba wiki za kwanza. Usivunjike moyo. Wewe umekua ukihama kati ya lugha ya darasa, ya nyumbani na ya stage kila siku ya maisha yako. Uliza, rudia, cheka nao, itakaa.

Sasa ganji na muda. Goethe wenyewe wanakadiria B1 inachukua kati ya vipindi 350 na 650 vya dakika 45, ukianzia zero. Ukisoma vipindi vinne kwa siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni kama miezi minne ukiwa mkali sana, na karibu minane kwa mtu wa kawaida mwenye ana wera na familia. Mtu akikuahidi B1 kwa wiki sita, anataka pesa ya mathako. Na inanikasirisha sana, juu najua hizo pesa zinatoka wapi: ng'ombe ameuzwa, chama imekopwa, kashamba kamewekwa rehani.

Ajenti yeyote anakuitisha doh, cheki kwanza kama kampuni yake imesajiliwa na National Employment Authority, na kama haimo, usitume hata thao moja. Kisha tafuta wasee watatu mtaani kwenu wenye wanasoma Kijerumani pia, muanze base Jumamosi hii.